Sala Si Hirizi: Kwa Ajili ya Moyo Unaoyumba



Kila mkaaji wa Kindu amewahi kusimama ukingoni mwa Lualaba akingoja mtumbwi wa kumvusha kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili. Mgeni atazamaye kwa mara ya kwanza hustaajabu, maana mpiga kafi haelekezi chombo chake moja kwa moja kule aendako. Kwanza hupanda na mto, karibu karibu na ukingo, akishindana na maji. Ndipo hukata kuingia katikati, na akiisha kufika katikati hukaza macho yake penye mti au nyumba fulani ya ng'ambo, asihangaike na maji yapitayo chini yake. Mto haumtulii. Maji hayaachi kwenda kwa ajili yake. Hata hivyo hufika.

Tumeukumbuka mtumbwi huo kwa sababu ya kijana mmoja aliyetujia mlangoni jioni, mvua ikinyesha. Ametupa ruhusa ya kuandika habari yake, nasi hatutataja jina lake wala mtaa wake. Ni mwanafunzi wa sekondari, amekwisha kupata Kipaimara, na kila Dominika huimba kanisani. Dada yake mdogo alishikwa na malaria kali. Wazazi walimpeleka hospitali, na nyumbani wakaanza novena kwa Mama Bikira Maria. Siku ya saba ya novena mtoto akafariki.

Baada ya mazishi jirani mmoja, kwa nia njema, aliwachukua mama na watoto wake mpaka penye chumba cha sala. Huko waliambiwa kwamba mtoto amekufa kwa sababu nyumbani mwao yupo mtu asiyeamini. Kijana alipofika hapo katika maneno yake akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Padri, mtu huyo ni mimi. Nilipokuwa nikisali nilikuwa na mashaka. Nilijiuliza kama yuko anayesikia. Je, ni mimi niliyemwua dada yangu?”

Ndugu wasomaji, tulimjibu mara hiyo hiyo: “Hapana, mwanangu. Si wewe.” Lakini alipokwisha kwenda tulikaa kimya muda mrefu, tukafahamu ya kuwa jibu la neno moja halitoshi. Maana si yeye peke yake. Wangapi katika parokia zetu hupiga magoti na moyo umegawanyika, wakaona haya kuusema ugonjwa huo hata kwa padri? Wangapi wameacha kusali kwa kuwa wanadhani sala ya mwenye mashaka ni unafiki? Kwa ajili ya hao twaandika leo.

*

Hapa kwetu Maniema mashaka hayatoki katika vitabu vya wataalamu. Hutoka katika mambo yaliyoonekana kwa macho. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 11 Novemba 1961, wanahewa 13 wa Italia, waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, walipouawa hapa Kindu. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa kwa pamoja na askari. Julai 1964 Simba waliingia mjini mwetu, wakatawala mpaka mwanzoni mwa Novemba, na damu nyingi ikamwagika. Kisha zikaja vita za mwaka 1996 na 1998, ambazo hata vijana wa miaka arobaini wanazikumbuka. Basi mtu wa Kindu akiuliza: “Mungu alikuwa wapi?” hachezi na maneno. Ameliokota swali hilo njiani, pamoja na marehemu wake.

Swali hilo si dhambi. Zaburi zimejaa maswali ya namna hiyo, nalo Kanisa huziimba kila siku asubuhi na jioni. Dhambi ni jambo la kutaka: ni kukataa kwa makusudi ukweli uliokwisha kujulikana. Lakini wazo linaloingia bila kuitwa, likamtikisa mtu katikati ya Salamu Maria, hilo ni jaribu, na jaribu si kosa. Mwenye nyumba hana hatia kwa sababu upepo umepiga mlango wake.

*

Hata hivyo yatupasa kusema ukweli mwingine, ijapokuwa ni mchungu. Mara nyingi sisi wenyewe huyaandalia mashaka mahali pa kukaa, kwa kuwa tumefundishwa, au tumejifundisha, kusali kana kwamba sala ni dawa ya kufunga mkononi.

Tukumbuke tena mwaka 1964. Wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa maji na waganga wao, wakaambiwa ya kwamba risasi za adui zitageuka kuwa maji. Pamoja na maji hayo walipewa miiko mingi ya kushika. Na mmoja wao alipopigwa risasi akafa, haikusemwa kwamba dawa imeshindwa. Ilisemwa kwamba marehemu alivunja mwiko. Tazameni jinsi mtego huo ulivyotegwa: dawa haikosi kamwe, na aliyekufa ndiye mwenye kosa siku zote. Hana kinywa cha kujitetea.

Sasa yalinganisheni hayo na maneno aliyoambiwa kijana wetu. Je, si mtego ule ule, umevikwa nguo ya Injili? Mtoto akipona, chumba cha sala kinasifiwa. Mtoto akifa, mtu wa nyumbani ndiye mwenye hatia. Hatusemi hivi ili kuwadharau ndugu zetu wanaosali mahali pengine, kwa maana wengi wao wanampenda Mungu kwa moyo mweupe. Wala hatujiondoi sisi wenyewe, maana hata Mkatoliki aweza kuvaa skapulari au kuhesabu siku za novena kwa moyo wa mtu anunuaye hirizi. Anayesali hivyo amesimamisha imani yake juu ya mchanga. Siku asipopata alichoomba, hahuzuniki tu kwa kufiwa, bali nyumba nzima ya imani yake yabomoka.

Sala ya Kikristu ni neno jingine kabisa. Bwana wetu alipofundisha kusali hakuwapa mitume maneno ya kumlazimisha Mungu. Aliwapa neno Baba. Mtoto humwomba baba yake chakula, humwomba dawa, humwomba ulinzi, na afanya vema kuomba. Lakini hamshiki baba yake kwa kamba. Hata akinyimwa, hata akilia usiku kucha, bado ni mtoto wa nyumba ile.

Na tusimame kitambo katika bustani ya Gethsemani. Yesu aliomba kikombe kile kimwepuke. Aliomba mara tatu, kwa maneno yale yale, jasho likimtoka. Kikombe hakikumwepuka. Je, nani athubutu kusema kwamba Yesu alikosa imani? Basi asiwepo mtu wa kumwambia mama aliyefiwa kwamba sala yake haikufaa kitu kwa kuwa imani yake ilikuwa ndogo. Ombi ambalo Mwana mwenyewe hakupewa vile alivyoliomba, nasi twaweza tusipewe, tukabaki bado wapenzi wa Baba.

*

Kijana wetu alisema alikuwa na mashaka alipokuwa akisali. Na afungue Injili ya Marko, sura ya tisa. Hapo atamkuta baba mmoja aliyemleta kwa Yesu mtoto wake mgonjwa wa kifafa. Mitume walikuwa wamekwisha kujaribu, wakashindwa. Yesu anamwuliza habari za imani, na yule baba, badala ya kujisifu, analia na kukiri mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba anaamini, na kwamba kutokuamini kwake kunahitaji msaada. Hakuficha nusu ya moyo wake. Aliileta mioyo yote miwili, ule unaoamini na ule unaotikisika, akaiweka mbele ya Bwana. Naye Bwana hakumfukuza, wala hakumwambia arudi siku atakapokuwa imara. Alimponya mtoto.

Hapo ndipo lilipo fundisho letu la leo, ndugu wasomaji. Mashaka hayaondolewi kwanza ili tupate kusali. Yaletwe ndani ya sala. Anayengoja mto utulie ndipo avuke, atalala ukingoni.

Watakatifu nao walivuka mto huo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye Papa Pio wa XI alimfanya msimamizi wa misioni mwaka 1927, huonekana katika picha akitabasamu na mawaridi mikononi, nasi twadhani maisha yake yalikuwa laini kama mawaridi hayo. Sivyo. Tangu Pasaka ya mwaka 1896 mpaka alipokufa tarehe 30 Septemba 1897, roho yake ilikaa katika giza nene. Mawazo yalimjia ya kwamba mbinguni hakuna kitu, ya kwamba baada ya kifo ni usiku tu. Alifanya nini? Aliandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akaichukua kifuani. Kila jaribu lilipomjia hakulijibu kwa mabishano marefu, bali alimgeukia Yesu. Alikiri kwamba katika muda ule alirudia matendo ya imani mara nyingi kuliko katika maisha yake yote ya mbele. Giza halikuondoka. Lakini hakuiacha njia.

Na hapa nchini mwetu tunaye Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, sista wa Jamaa Takatifu. Tarehe 29 Novemba 1964 Simba waliwapakia masista wa Bafwabaka katika lori. Njiani walinyang'anywa rozari na misalaba yao. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Anuarite alikataa kuvunja nadhiri yake, akauawa, naye akamsamehe aliyemwua. Hakuwa ametimiza miaka 25. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Tuyaweke mambo hayo mawili pamoja, kwa kuwa yalitokea mwaka mmoja na katika vita moja. Upande mmoja yapo maji yaliyoahidi kwamba risasi haitaingia. Upande mwingine yupo msichana aliyesali, na mwili wake ukachomwa na kupigwa risasi. Mtu wa hirizi atasema sala yake ilishindwa. Lakini ni nani siku ile aliyesimama imara? Sala haikumwondolea kifo, wala haikuahidi hivyo. Ilimpa moyo usiogeuka, hata akaweza kusamehe. Na moyo wa namna hiyo hauokotwi katika saa ya hatari. Hutengenezwa polepole, katika sala za kila siku zisizoonekana na mtu, hata siku rozari ikichukuliwa mkononi, iliyo moyoni ibaki.

*

Baadhi yenu mtauliza: “Tufanyeje basi?” Twawapa mashauri machache, ambayo hata mtoto wa shule aweza kuyashika.

Kwanza, weka saa yako ya sala, hata iwe ya dakika tano, usiiache. Wengi husali sana wanapokuwa na furaha, na huacha wanapokuwa wakavu. Heri Baba Yetu moja ya kila asubuhi, iliyosaliwa polepole, kuliko mkesha mmoja wa machozi halafu miezi ya ukimya. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, mwambie Mungu mashaka yako kwa maneno yako mwenyewe. Usimfiche. Mwambie: “Baba, leo sioni. Leo nimekasirika. Leo sijui kama wanisikia.” Anayesema hivyo amekwisha kusali, maana hakuna mtu alalamikaye mbele ya mtu ambaye amemwacha kabisa.

Tatu, usikate shauri kubwa wakati wa giza. Shauri hili alilitoa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyekuwa askari kabla ya kuwa padri: roho inapokosa faraja, mtu asibadili yale aliyoyaazimu alipokuwa na nuru, bali aongeze kidogo sala na uvumilivu, akingoja faraja irudi. Wangapi wameacha sakramenti, wameacha wito wao, wameacha hata ndoa, kwa shauri la usiku mmoja! Mpiga kafi hageuzi mtumbwi katikati ya mto kwa sababu wingu limepita.

Nne, usisali peke yako tu. Peleka moyo wako katika shirika lako, yaani jumuiya ya mtaani, na katika rozari ya jamaa nyumbani. Siku ambayo kinywa chako hakiwezi kusema Nasadiki, wacha vinywa vya wenzako viseme, nawe uketi kati yao. Imani si mali ya mtu mmoja. Ni ya Kanisa, na Kanisa hutuazima yake tunapopungukiwa. Usiache Kitubio wala Komunyo, maana hivyo si zawadi ya wenye nguvu bali ni chakula cha wasafiri.

Tano, tenda jambo moja la mapendo kila siku. Mtembelee mgonjwa, mchotee maji mjane. Mara nyingi Mungu, ambaye hatukumwona tulipofumba macho, hutukuta katika macho ya mhitaji.

*

Tunalo neno moja la kuongeza, ili tusije tukawadanganya. Kuna kuyumba kwa roho, na kuna ugonjwa wa akili na wa mwili unaofanana nako. Mtu asiyelala wiki nyingi, asiyekula, anayesikia sauti, anayewaza kujiua, au anayerudiwa usiku na vitisho vya vita alivyoviona, huyo na apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia, na asali pia. Kumpeleka hospitali si kukosa imani. Mungu ndiye aliyewapa watu akili ya kuponya. Anayemfunga mgonjwa kamba chumbani, au kumnyima dawa ili “asali tu”, atatoa hesabu mbele ya Mungu.

Nanyi wazazi, twawasihi. Mtoto wenu akiwauliza swali gumu juu ya Mungu, msimpige wala msimwite mpagani. Mtu asiyeruhusiwa kuuliza nyumbani atauliza barabarani, na barabara ina majibu mengi mabaya. Kama hamjui jibu, mwambieni: “Hata mimi sijui, mwanangu. Njoo tusali pamoja.” Maneno hayo hayawapunguzii heshima. Mtoto aliyemwona baba yake amepiga magoti huku akilia, naye hakuondoka mbele ya msalaba, amepata katekisimu isiyofutika.

Je, kijana wetu yu hali gani? Hatutawaandikia kwamba mashaka yake yamekwisha, kwa kuwa si kweli. Alirudi kwetu mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza juu ya Gethsemani na juu ya yule baba wa kifafa, akaomba kuisoma tena sura hiyo peke yake. Mara ya pili alikuja pamoja na mama yake. Tulimwambia mama, mbele ya mwanawe, kwamba hakuna mtu nyumbani mwao aliyemwua mtoto: malaria ndiyo iliyomwua. Mama akamshika kijana mkono, wote wawili wakalia. Tangu siku ile, akatuambia, yeye ndiye anayeongoza sala ya jioni nyumbani. “Bado sina hakika kila siku, Padri,” alisema, “lakini wadogo zangu wananingoja nianze.”

Basi na aanze. Na kila mmoja wetu, jioni hii, aanze vile alivyo, na moyo alio nao. Lualaba haitaacha kwenda kwa ajili yetu. Lakini ng'ambo ipo, na Yeye aliyemshika Petro mkono alipokuwa akizama hakumwuliza kwanza kama imani yake imekamilika. Alimshika kwanza. Maswali yalikuja baadaye.

Mama Bikira Maria, Mwenye Heri Anuarite, mtuombee.